Uzi Chini ya Uwanja wa Urafiki

Aliyenisimulia ni rafiki yangu, fundi bomba, mtu asiyependa masihara. Mnaujua ule Uwanja wa Urafiki, uliopewa jina hilo kwa ajili ya urafiki na mji wa ng'ambo ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuukanyaga? Basi pale palikuwa na nyumba za watu. Zilibomolewa asubuhi moja, vyombo vikiwa ndani. Shangazi yake, mshonaji, alikokotwa nje akililia cherehani yake, nayo ikafukiwa na kifusi. Hakumaliza mwezi, akafariki. Urafiki gani huo?

Juzi maji ya mapambo ya pale uwanjani yaligoma kuruka, na wageni wa ule mji wa ng'ambo walikuwa njiani. Bwana mkubwa wa manispaa akamfokea rafiki yangu, "Wewe, shuka! Unataka kutuaibisha?"

Akashuka chumba cha pampu, chini ya uwanja, roho ikimchemka. Mfuniko ukajifunga juu yake. Giza totoro. Alipozima pampu ili afungue chujio, kukawa kimya. Ndipo akasikia, nyuma ya ukuta wa zege: tak-tak-tak-tak. Ikanyamaza. Ikaanza tena. Sauti ile aliijua, alilelewa nayo.

"Shangazi?" akaita.



Akapapasa chujio. Lilikuwa limezibwa na uzi, uzi mrefu uliotokea kwenye bomba la ukutani. Akauvuta, ukaja. Akauvuta tena, ukagoma.

Kisha tak-tak-tak ikaanza upya, na uzi ukawa unamponyoka vidoleni kidogo kidogo, ukirudi ukutani, kwa mwendo wa sindano.