Popo Wasiopikwa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa sita, popo watatu walikuwa wamekufa chini ya mkorosho, mabawa wazi. Hawakuwa na jeraha. Oliva, mwanafunzi wa darasa la sita kijijini Makote, aliacha kufagia uwanja akawatazama bila kuwagusa.

Mjomba wake, Mzee Dastani, aliwagusa. Aliwaokota kwa mabawa, akaelekea nao jikoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Teleka maji. Leo Petro anapata dawa."

Petro alikuwa mdogo wake Oliva, mwenye miaka minne. Zahanati ilikuwa imempima na kumkuta na upungufu wa damu, na tangu hapo kila jirani alikuwa na tiba yake. Mjomba alikuwa amesikia kijiweni kwamba mwili wa popo una madini ya chuma, na chuma huongeza damu. Mama alikuwa jikoni akichochea moto. Katika nyumba ile, neno la mjomba halikujadiliwa.

Oliva aliigeuza sufuria chini juu, akaikalia.

"Inuka."

"Siinuki, mjomba. Chuma kimo. Kalsiamu imo kwenye mifupa, na zinki nayo imo. Tumesoma. Lakini mwili hujengwa na kinacholiwa. Hawa wanakula wadudu, na juzi umepuliza dawa mikorosho yote hii. Kilichoingia kwa mdudu kinaweza kuingia kwa popo."

"Una hakika dawa ndiyo iliyowaua?"

"Sina. Labda ni ugonjwa. Hakuna anayejua, ndiyo maana hawapikwi."

"Dada, unasikia? Yai linamfundisha kuku kutaga!"

"Basi anza wewe, mjomba. Kula leo. Petro atakula kesho, tukikuona mzima."

Mama alificha kicheko kwa kanga. Mjomba aliwatazama popo waliokuwa mkononi mwake.

"Twende zahanati," alisema mwishowe. "Muuguzi akisema wapikwe, utawapika wewe."

"Nitawapika."

Oliva hakuinuka mpaka popo walipotoka jikoni ndani ya mfuko.

Walipofika zahanati, pamoja na mama na Petro, Muuguzi Loyce hakuufungua mfuko ule. Alimwonyesha mjomba ndoo ya maji na sabuni.

"Nawa kwanza, mzee, hadi kwenye viwiko. Popo hashikwi kwa mkono mtupu, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Wamekung'ata?"

"Walikuwa wamekufa."

"Mnyama aliyejifia haliwi."

"Lakini chuma kimo?" mjomba aliuliza, povu mikononi.

"Kimo. Kimo pia kwenye dagaa, kunde na kisamvu, na vyakula hivyo unajua umevitoa wapi." Kisha akamgeukia mama. "Mama Oliva, Petro anakunywa chai wakati wa kula?"

"Kila mlo, ya rangi."

"Iache. Chai huzuia mwili kupata chuma kutoka kwenye chakula. Mpe chungwa."

Alimpa Petro dawa ya kuongeza damu na ya minyoo. Kisha akasema, "Kujua kilichomo ndani ya chakula ni nusu ya elimu. Nusu nyingine ni kuuliza kimetoka wapi, hata kama anayekupa ni mkubwa wako. Oliva ameuliza."

Mjomba alichimba shimo refu mbali na kisima, akawafukia popo. Kilichowaua hakikujulikana.

Mwezi wa nane Petro alipimwa tena. Damu yake ilikuwa imefikia kiwango cha kawaida. Aliyembeba mgongoni hadi zahanati siku hiyo alikuwa mjomba.