Makala ya Nne

"Kompyuta haina wivu, mpenzi. Labda makala zako ndizo hazisomwi."

Kwa sentensi hiyo Fundi alijifukuzia mke mwenyewe. Mkewe, mtafiti wa udongo, hakulia wala hakuvunja kikombe. Alikunja nguo zake, akaenda kwa dada yake.

Kisa? Taasisi ya mkewe ilimpa Fundi kazi ya kuandika programu ya kuwapima watafiti. Ukiwa na makala nne, kila moja imetajwa na wenzako angalau mara nne, alama yako ni nne, na nne ndiyo tiketi ya kuongoza maabara. Mkewe alitoka na tatu. Kiti kikaenda kwa mwingine.

Miezi mitatu sasa Fundi anaongea na friji, ambayo angalau hunguruma. Jumamosi asubuhi, akijinoa kwa ajili ya usaili wa kazi kwenye tovuti ya mazoezi ya programu, alikutana na swali lilelile la alama za watafiti; akajibu kama alivyoiandikia taasisi, na tovuti ikalikataa jibu lake. Akachukua kalamu, akapanga makala za mkewe kuanzia iliyotajwa zaidi: 10, 8, 5, 4, 3. Ya kwanza inavuka moja, ya pili inavuka mbili, ya tatu inavuka tatu. Ya nne ina nne kamili. Inatosha kabisa, ila programu yake iliitaka ivuke nne.

Akamwandikia mkurugenzi wa taasisi kwamba kosa ni lake, nakala kwa watafiti wote, aibu na imle mzimamzima. Kisha akampigia mkewe. Mara ya tatu ikapokelewa.

"Alama yako ni nne. Ilikuwa nne tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyekosea."

"Najua. Nilihesabu kwa vidole siku ileile."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia uangalie tena. Ukacheka. Sikukililia kiti, mume wangu. Nilitaka mtu mmoja tu duniani aniangalie mara ya pili."

"Nimeangalia. Nimechelewa, lakini nimeangalia."

Kwa mbali shemeji yake alisikika akiuliza kama ni yule mjinga. Mkewe akajibu kwamba ndiye, hakuna mwingine.

"Umekula?"

"Chai."

"Ndiyo maana akili haifanyi kazi. Njoo unibebee begi. Dada anakungoja mlangoni na maneno yake, na utayasikiliza yote."

"Yote," alisema Fundi, tayari mguu mmoja ndani ya kiatu.