Kitufe cha Kiti cha Nyuma

Dereva wa gari la shule alipewa jina la Polepole, na jina lilimkaa. Hakukimbizana na mtu barabarani. Akina mama walimkabidhi watoto wao kila asubuhi, wakarudi kwenye kazi zao bila wasiwasi. Hata dada yake mkubwa alimkabidhi binti yake wa pekee. Mtoto huyo walimwita Chiriku, kwa sababu alianza kusema mlangoni kwao na hakunyamaza mpaka shuleni.

"Mjomba, kwa nini tairi halipati kizunguzungu?"

"Limezoea, mama."

"Na wewe umezoea maswali yangu?"

"Mimi bado."

Gari hilo lilifungwa king'ora kidogo. Dereva akizima injini, kinalia, kumkumbusha akague viti vyote. Kitufe cha kukinyamazisha kilitakiwa kuwa nyuma kabisa. Lakini Polepole alimbembeleza fundi aliyekifunga.

"Niwekee hapa karibu na usukani, kaka. Mgongo wangu mbovu."

Fundi alikuwa na haraka zake. Akamwekea. Hapo ndipo walipoharibu kazi, wote wawili, huku wakitaniana.

Tangu hapo mkono wa Polepole ulizima gari na kubonyeza kitufe kwa mwendo mmoja. Baada ya muda, masikio yake hayakuisikia tena ile kelele.

Siku moja Chiriku alikuwa na mafua. Dawa aliyopewa nyumbani ilimletea usingizi, akajilaza kwenye kiti cha nyuma. Wenzake walishuka wakisukumana. Polepole alizima gari, akabonyeza kitufe, akafunga milango, akaenda kunywa chai.

Gari lililofungwa hupata joto upesi kuliko watu wanavyodhani, hata kioo kikiachwa wazi kidogo. Na mwili wa mtoto huzidiwa na joto haraka kuliko wa mtu mzima. Mwalimu aliona Chiriku hayupo darasani, akadhani amebaki nyumbani kwa sababu ya mafua. Hakupiga simu. Alipokuja kuuliza, jua lilikuwa kali. Walimkuta mtoto hajitambui, ngozi yake inawaka moto.

Alipona, kama huko ni kupona. Daktari alisema ubongo umeumia. Siku hizi Chiriku anatembea kwa kushikwa mkono, na maneno yanamtoka moja moja, kwa taabu.

Pale hospitali dada alimuuliza ndugu yake, "King'ora kililia?"

"Kililia, dada."

"Ukakifanya nini?"

"Nilikizima," Polepole alisema. Dada hakumsemesha tena.

Mahakama ilimnyang'anya leseni. Mwenye gari akaajiri kijana mwingine. Polepole alimfuata mwenye gari nyumbani kwake, akasimama uani mpaka akakubaliwa jambo moja tu: gari lipelekwe kwa mama mmoja, fundi umeme wa magari, king'ora kifungwe upya.

Siku ya kazi, Polepole alimshikia fundi tochi. Dereva mpya alisimama mlangoni.

"Waya huu unatoka kwenye betri, unapitia fyuzi," mama fundi alieleza. "Ukichukua umeme wa kwenye ufunguo peke yake, gari likizimwa na king'ora kinakufa. Sasa kitamkumbusha nani? Huu wa pili unakiambia kwamba ufunguo umezimwa. Huu wa tatu unapita chini ya kapeti mpaka kwenye kitufe."

"Mama, si uniwekee hicho kitufe hapa mbele?" dereva mpya aliuliza. "Kazi zenyewe nyingi."

Polepole aliigeuza tochi, akammulika kijana.

"Na mimi nilisema hivyohivyo," Polepole alisema. "Kaulizie nyumbani kwa dada yangu."

Mama fundi alivuta waya mpaka nyuma.

"Kikilia, unainuka," alisema. "Unatembea mpaka nyuma, unaangalia kila kiti na chini yake. King'ora hakina macho. Macho ni yako. Na asubuhi mtoto asipoonekana darasani, mwalimu apige simu kwao saa hiyohiyo."

Shule nayo ilikubali sharti hilo la simu. King'ora kikawa kinalia kila asubuhi, na dereva mpya akawa anatembea mpaka nyuma huku akinung'unika. Asubuhi moja alisita kabla ya kufika nyuma. Mtoto wa muuza mkaa alikuwa amelala sakafuni, kati ya viti viwili. Alimbeba mpaka darasani.

Habari zilifika mtaani kote. Jioni Polepole alikutana na dada yake njiani, amemshika Chiriku mkono. Alitaka kupisha, lakini dada alisimama.

"Nasikia king'ora kimemwokoa mtoto wa watu."

"Ndiyo, dada."

"Vizuri," alisema. "Mama yake amshukuru Mungu. Ingekuwa vizuri zaidi kama ungeinuka siku ile."

Chiriku alikuwa akimtazama mjomba wake, midomo ikihangaika.

"Mjomba," alisema. "Kwa nini..."

Walisimama wote wawili, dada na ndugu yake, wakamsubiri mtoto. Walisubiri mpaka taa za madukani zikawashwa. Swali halikuja.