Sauti ya Kumkumbusha Mama Dawa

Kila jioni Pamela alitoka kazini Moshi mjini, akapanda hadi kwao Machame, akamsalimia mama yake, kisha akafungua kompyuta. Alikuwa anatengeneza programu ya simu. Mama yake, Bernadetha, alikuwa na presha na hakujua kusoma. Programu hiyo ingemwita kwa Kichagga kila saa ya dawa ikifika.

"Imefika wapi, mwanangu?" mama aliuliza.

"Bado kidogo, Mama."

Jamani, hiyo bado kidogo ilikuwa na miezi minane! Sauti yenyewe Pamela hakuwa ameirekodi. Kwanza alitafuta rangi nzuri. Kisha akataka picha ya mlima. Kisha akataka programu ihesabu na maziwa ya ng'ombe. Kila jambo jipya lilikuwa tamu kuliko la jana, na hakuna lililokwisha.

Jumatano moja, akiwa anabadilisha rangi ya kitufe, alisikia ndoo ikianguka bandani. Akakimbia. Mama yake alikuwa chini kando ya ng'ombe, mdomo umepinda, maneno hayatoki.

Hospitalini daktari alisema ni kiharusi. "Mara ya mwisho alimeza dawa lini?"

Pamela hakujua. Aliporudi nyumbani alikuta vidonge vya siku nne havijaguswa. Jioni zote nne alikuwa chumba cha pili, anatengeneza kitu cha kumkumbusha mama yake! Alilia mpaka sauti ikamkauka. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuja mapema.

Baada ya wiki mbili mama alirudi nyumbani. Maneno yalirudi. Mkono wa kushoto haukurudi.

Jumamosi ilikuwa zamu yao ya maji ya mfongo, ule mfereji unaoshuka kutoka mlimani na kupita kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba za watu. Jirani yao, Mama Filbert, ndiye msimamizi wa zamu.

"Shikamoo, Mama Filbert."

"Marahaba. Haya, mna maji mpaka saa sita."

Pamela aligeuza maji kwenye maua. Akayaacha, akakimbilia migomba. Kabla migomba haijalowa, akahamia majani ya ng'ombe.

"Wee Pamela! Hebu simama. Kipi kitakufa leo kisiponyweshwa?"

"Miche ya kahawa."

"Basi maji yaende huko. Miche ikishiba, ndipo uende kwenye migomba. Saa sita ikifika nafunga. Maua yakikosa, yatangoja zamu nyingine. Hayafi hayo."

Pamela aliegemea jembe lake, machozi yakamtoka. "Hivi ndivyo nilivyomfanyia mama. Miezi minane nimenywesha maua."

Mama Filbert hakumbembeleza. "Na hiyo programu yako, mche wake ni upi?"

"Sauti tu. Imwite mama. Asipobonyeza, inijulishe mimi."

"Anza na hiyo. Jipe zamu yenye mwanzo na mwisho. Na mpaka iwe tayari, dawa umpe wewe mwenyewe."

Pamela aliandika kwenye karatasi mambo yote aliyotaka kutengeneza. Yalikuwa kumi na saba. Akaacha moja, mengine akayafuta. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kazini, alifanya saa moja tu. Saa ikiisha alifunga, hata kama utamu umekolea. Lakini kwanza aliandika mahali atakapoanzia kesho, asipoteze muda kutafuta. Jioni kompyuta ilikaa imefungwa. Saa mbili alimpa mama dawa, wakala pamoja.

Siku ya kumi na moja, saa mbili usiku, simu ya mama iliita kwa Kichagga. Programu haikuwa na rangi wala picha. Mama alicheka, akabonyeza kwa mkono wa kulia.

Miezi mitatu baadaye, kliniki walimpima. Presha ilikuwa imeshuka. "Asiache dawa hata akijisikia mzima," muuguzi alisema.

Lakini kutoa kidonge kwenye karatasi yake kunahitaji mikono miwili. Simu ingeweza kumwita mama. Kumtolea kidonge isingeweza. Kwa hiyo kila ilipoita, Pamela aliacha alichokuwa akifanya, akaja kukaa karibu naye.

"Hata simu hii ikiharibika," mama alimwambia jioni moja, "wewe njoo."

"Nitakuja, Mama. Saa hii ni yako."