Gogo la Mlangoni

"Kaza, Baba Kahaso. Ukilegeza hivyo, mvua itapita kama mgeni aliyekaribishwa."

Kaviha alisema huku akicheka. Mumewe, Ngala, alikuwa amekaa mlangoni juu ya gogo la mnazi, mguu wake wa kulia umenyooka mbele. Walikuwa wakishona makuti. Ngala alikunja jani juu ya kijiti, akapitisha kamba, akavuta. Kisha akaacha kazi tena. Alikuwa akilitazama lile kuti.

"Tazama, Mama Kahaso. Limekatwa."

"Si kisu cha kaka yangu Katana hicho?"

"Kisu cha shemeji hakikati hivi. Hapa pamekatwa kushoto na kulia, sawasawa, kama kwa mkasi."

Ngala alikuwa mgema kwa miaka kumi na minane. Kila asubuhi na kila jioni alipanda minazi ya Kisauni, kotama, kisu chake cha kugemea, kiunoni na kibuyu mgongoni. Siku moja ya mvua, wakati wa vita, mguu uliteleza akaanguka. Nyonga ilivunjika. Ilipopona alitembea kwa mkongojo, lakini kupanda hakuweza tena. Hata kukaa mkekani hakuweza.

Ndipo Kaviha akamwomba kaka yake, Katana, aukate mnazi ule. Kipande kimoja cha shina wakakivingirisha mpaka mlangoni.

"Umekuangusha," Kaviha alimwambia mumewe. "Sasa utakubeba."

Ngala alikaa juu yake. Siku hiyo alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

Sasa ilikuwa miaka miwili. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini nyumbani kwa Ngala kulikuwa na hofu mpya. Minazi yao ilikuwa kumi na mmoja. Mitatu ilikuwa imekufa, vilele vimekauka na kuanguka. Nazi na makuti ndiyo yaliyowalisha, ndiyo yaliyomsomesha binti yao Kahaso shule ya misheni. Minazi ikiisha, wangeshika nini?

"Hodi hapa!"

Alikuwa jirani yao, Bi Mwanasaumu, mama mtu mzima mwenye maneno mengi na moyo mwema.

"Karibu. Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Ehe! Mgema kawa fundi wa makuti! Wallahi, dunia haishi vituko." Alicheka, kisha akatazama juu, sauti ikashuka. "Wajua, Ngala, minazi hii yakulilia wewe. Ilizoea mikono yako. Mtafuteni mtu aitazame."

Ngala alitabasamu, lakini neno lile lilimchoma. Bibi alipoondoka, alishika mkongojo wake akainuka. Aliyapanga chini makuti ya mnazi uliokufa, kwa jinsi yalivyokaa mtini: machanga juu, makuukuu chini. Akayahesabu.

"Kumi ya juu yamekatwa," alisema. "Ya chini yote ni mazima. Mnazi hutoa kuti moja kila mwezi. Basi jambo hili lilianza miezi kumi kabla mnazi haujafa."

"Na ukishajua?"

"Sijajua bado. Nauliza tu."

Siku ile alizunguka shambani, akitazama juu. Kwa miaka miwili hakuwa ameitazama minazi. Alikuwa akiionea haya. Aliona kwamba iliyo karibu na nyumba ndiyo iliyoumia. Ya mbali ilikuwa mizima.

Wiki ile ile akafika bwana shamba kwa baiskeli. Alikuwa kijana wa bara, jina lake Elkana.

"Nimesikia majani ya nazi yenu yanakufa," alisema.

"Makuti," Kaviha alimrekebisha kwa upole. "Na mti ni mnazi, mwanangu. Nazi ni tunda lake."

"Ahsante, mama. Kwetu mti huu hauko. Mnivumilie."

Elkana alifungua kiberiti. Ndani mlikuwa na mdudu mweusi, mgumu, mwenye pembe moja puani.

"Chonga!" Ngala alisema. "Huyu nimemtupa chini mara nyingi. Nilidhani anafuata tembo langu kibuyuni."

"Anafuata kilele, mzee. Usiku hutoboa pale juu, akatafuna makuti machanga ambayo hayajafunguka. Kuti likija kufunguka, ndipo unapoona alipopita."

"Basi lilikatwa kabla halijazaliwa," Ngala alisema polepole.

"Ndiyo. Dawa ni kumtoa kwa waya wenye ndoano. Lakini nikisimama chini sijui yuko mnazi upi. Nimepita nyumba ishirini, nimepandisha watu bure."

Ngala alinyoosha mkongojo wake pale alipokaa juu ya gogo. "Yuko mnazi ule. Waiona chicha yake, yale makapi aliyotafuna, pale kwenye mashina ya makuti? Ni nyeupe, bado mbichi. Anakula sasa hivi. Mnazi huu mwingine chicha yake imekauka. Huyo amekwisha toka."

Katana akapanda na waya. Haukupita muda akapiga kelele juu. "Nimempata! Pembe na yote!"

Elkana alimtazama Ngala kwa muda. Kaviha akaenda kumletea mgeni dafu.

"Na huzaliwa wapi?" Ngala aliuliza. "Huko juu sijaona mtoto wake hata siku moja."

"Hazaliwi juu. Mama yake hutaga mayai katika mnazi uliokufa, katika shina linalooza, au katika rundo la samadi. Mabuu hukaa humo miezi mingi, yakinenepa."

Ngala alihesabu kichwani. Miezi kumi. Na kabla ya hapo, mwaka mzima wa gogo kulala na kuoza. Minazi ya karibu na nyumba. Alilisikia gogo chini yake, likiwa laini kuliko zamani. Mkewe alikuwa amesimama mbele yake na dafu mkononi. Ngala akalipapasa gogo kwa kiganja.

"Una nini, Baba Kahaso?"

"Nimechoka tu."

Kaviha alimtazama yeye, kisha akalitazama gogo. Alikuwa ameishi na mtu huyu miaka ishirini. Akaliweka dafu chini.

"Ondoka hapo," alisema taratibu.

Akachukua shoka, akapiga. Gogo likabonyea kama mkate ulioloa. Ndani mlijaa mabuu meupe, manene kama kidole gumba, yamejikunja, vichwa vya rangi ya kahawia. Kuku wakaja mbio.

Kaviha alikaa chini akajifunika uso kwa leso. "Nimeweka ugonjwa mlangoni mwangu, nikauita kiti."

"Uliweka kiti," Ngala alisema. "Chonga hakukuomba ruhusa."

"Mama," Elkana alisema, "hakuna aliyekwambia. Sasa umejua, nawe mwambie mwingine."

Akawaeleza. Mnazi ukifa, usiuache ukalala. Upasue, uukaushe, uuchome. Kisiki kichimbue. Samadi igeuze mara kwa mara na kuokota mabuu. Kila mwezi tazama vilele, na ukiona chicha mbichi, mtoe mdudu kwa waya.

Siku mbili walipasua na kuchoma, gogo la mlangoni na mashina yote yaliyolala nyuma ya jiko. Jioni ya pili Elkana alisema, "Mzee Ngala, nataka mtu wa kufuatana nami. Nitamwandikia mkubwa wangu barua."

"Mimi? Mguu huu haupandi."

"Wa kupanda ni wengi. Namtaka anayetazama na kuuliza."

"Sikusoma sana, bwana shamba."

"Minazi umeisoma miaka kumi na minane. Ungalianza kuuliza hata kama usingalianguka?"

Ngala alifikiri. "Pengine la. Huko juu nilikuwa na haraka. Kuti nimelishika vizuri nilipokaa chini."

Jibu la barua lilikuja baada ya mwezi: Ngala amekubaliwa. Kufikia mvua za mwaka uliofuata, minazi minane iliyobaki ilikuwa imefungua makuti mapya, mazima bila pengo. Kahaso aliendelea na shule. Na watu wa Kisauni walizoea kumwona Ngala akipita na mkongojo mkono mmoja na waya mkono wa pili, akitazama juu.

Jioni moja alikuwa kwa Bi Mwanasaumu. Huko kulikuwa na shina kuukuu la mnazi lililolazwa juu ya mtaro.

"Daraja hili aliliweka marehemu mume wangu," bibi alisema. "Ngala, mwanangu, siwezi kuliona likipasuliwa."

Ngala hakumharakisha. Alikaa naye akamsimulia habari ya gogo lake mwenyewe. Mwishowe bibi akafuta macho. "Haya, pasua. Lakini uniwekee ubao."

"Nitakuwekea."

Yeye na Katana walipasua nusu, jua likawatupa mkono. Nusu ya pili, na nyumba nyingine nne, wakaziachia kesho.

Nyumbani alimkuta Kaviha mlangoni, mbele ya kiti kipya cha mbao. Alikuwa akikisuka kwa kamba za makumbi ya nazi. Nusu ilikuwa imesukwa, nusu ilikuwa wazi.

"Usikae! Kamba hazijafika upande wa pili. Kesho."

Ngala aliegemea mkongojo, akashika ncha ya kamba ili mkewe avute.

"Kaza, Mama Kahaso," alisema. "Ukilegeza hivyo, nitapita kama mvua."