Tishu Juu ya Kiti

Haya niliyaona kwa macho yangu, na yale ambayo sikuyaona alinisimulia mwenyewe Geok Eng, jirani yangu wa kibanda, akiwa ameshika kikombe cha kahawa yangu ambayo hakuinywa. Asiyetaka kuamini asiamini. Ila akija kula kwetu Toa Payoh, kwenye vibanda vya chakula ghorofa ya chini ya jengo la maduka, asikalie kiti chenye tishu.

Kwetu ukitaka kushika kiti kabla hujaenda kununua chakula, unaweka juu yake pakiti ya tishu. Basi. Hata bwana mkubwa mwenye tai hathubutu kuisogeza. Tishu ikiwa juu ya kiti, kiti kina mwenyewe, na mwenyewe yuko njiani.

Alhamisi ile ilianza kama Alhamisi nyingine. Mimi nachemsha kahawa, Eng anachemsha madonge yake ya samaki, na mbele yetu, upande wa pili wa ukumbi, Bee Choo anauza tambi za kamba, kamba wa baharini. Bee Choo ni mdogo wake Eng, baba mmoja mama mmoja. Saa tano tu na foleni ya Choo ilikuwa imepita nguzo ya pili. Kwa Eng walisimama wawili, na mmoja alikuwa anauliza choo kiko wapi.

"Eng," nikamwambia, "utaitoboa ile foleni kwa macho."

"Nani kaitazama? Natazama saa."

"Saa iko nyuma yako, mama."

Akanisonya. Nami nikamwacha, maana donge lile nalijua lilikotoka. Mama yao aliuza tambi za kamba miaka thelathini. Eng alianza kumenya kamba akiwa na miaka tisa. Vidole vyake vilichomwa na miiba, vikapona, vikachomwa tena. Alikaanga vichwa vya kamba mpaka mafuta yakawa mekundu, alichemsha mifupa ya nguruwe tangu alfajiri, na mama alipougua ni Eng aliyemwogesha. Choo wakati huo yuko ofisini, kucha zimepakwa rangi! Halafu mama yuko kitandani, roho iko kooni, anasema nini? "Sufuria mpeni Choo. Eng hana haja nayo."

Hana haja nayo. Miaka mitatu maneno hayo yalimlala Eng kifuani. Na wenye jengo hawaruhusu vibanda viwili vipike chakula kimoja, kwa hiyo sufuria ilipokwenda kwa Choo, tambi za kamba zilikwenda nayo. Eng akabaki na madonge ya samaki. Alimwonea mdogo wake wivu, sifichi, wivu ule wa kumnyima mtu usingizi.

Na Choo naye, kila siku saa tisa foleni ikiisha, alivuka ukumbi na bakuli la supu, akalishika kwa mikono miwili na kuliweka mbele ya dada yake.

"Dada, onja."

"Weka hapo."

Akigeuka tu, Eng analimwaga kwenye ndoo ya makombo. Miaka mitatu hakuweka hata tone ulimini. Mimi nilikuwa naona, nasikitika, nakoroga kahawa yangu.

Sasa, Alhamisi ile ilikuwa ndani ya mwezi wa saba wa kalenda ya wazee wetu, mwezi wa wafu, wanapofunguliwa mlango na kuzurura na njaa zao. Kila mtoto wa kwetu ameshachapwa kofi kwa mambo mawili: kugonga ukingo wa bakuli, maana ndivyo wanavyoitwa wenye njaa, na kusimamisha vijiti vya kulia ndani ya chakula kama vijiti vya udi kaburini, maana chakula hicho umeshawapa wao. Na chakula kikishaliwa na wafu hubaki vilevile kwa macho. Ladha ndiyo inayokwenda.

Eng alikuwa amelifikiria hilo siku kumi. Waje, waifuate harufu mpaka kwenye sufuria ya Choo, waifyonze ladha yote. Tuone hiyo foleni itasimamia nini.

Saa tisa Choo akaja na bakuli. "Dada, onja."

"Nipe," Eng akasema. "Leo nitakaa nile."

Jamani, ungeuona uso wa Choo. Uling'aa kama wa mtoto aliyevalishwa viatu vipya.

Eng akalibeba bakuli mpaka meza ya kumi na nne, ile iliyojificha nyuma ya nguzo. Akaketi. Kwenye kiti cha mbele yake akaweka pakiti mpya ya tishu. Mgeni kashikiwa nafasi.

Hapo ndipo alipokosea. Chakula cha wafu hakiguswi. Unawapa kwanza kikiwa kizima, wanakula wao, halafu wewe ndiyo unashika kilichobaki. Eng analijua hilo kuliko mimi. Lakini mvuke ulimpanda puani, miaka mitatu ya kujinyima ikamshinda, akainua vijiti akala. Mara moja tu, na kijiko kimoja cha supu.

Machozi yakamtoka. Alimwona mama yake kwa mgongo, ameinamia moto, kitambaa begani. Akasikia kamba wakilia kwenye mafuta. Kisha ulimi wake ukatulia, ukapima, naye akatabasamu. Supu ilikosa kitu. Kitu kimoja, kidogo. Na yeye alikijua papo hapo, jina lake na kipimo chake na wakati wa kukitia.

"Kumbe hujui," akanong'ona. "Kumbe hata hujui!"

Furaha ya hasidi, mwenzangu, ni tamu. Angeweza kuinuka wakati ule akamwambia mdogo wake. Hakuinuka. Alivichukua vijiti vilevile, vyenye mate yake, akavisimamisha katikati ya tambi. Akagonga ukingo wa bakuli kwa kijiko. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

"Njooni mle," akasema chini chini. "Sufuria iko kule."

Hakuna kilichotokea. Watu walipita na trei zao. Bi Rohani, mfagiaji wetu, alisukuma kigari chake akiimba polepole. Eng akaanza kujicheka.

Kisha kile kiti cha mbele kikasogea nyuma. Kidogo tu. Kama anayeketi mtu mwenye magoti mabovu.

Eng akakodoa macho. Wafu huchukua ladha tu, lakini supu hii ilikuwa inashuka. Polepole. Hakuna aliyeinywa, hakuna iliyomwagika, na inashuka. Tambi zikaonekana. Zikapungua. Vijiti vimesimama, havitikisiki.

Bakuli likabaki tupu. Likang'aa.

Alipopepesa macho, vichwa viwili vya kamba vilikuwa juu ya meza, vimefyonzwa vikauka, vimepangwa ukingoni sambamba. Macho yao yote yalimwelekea yeye. Na kando ya vichwa hivyo karatasi moja ya tishu imekunjwa vizuri, ina alama ya mdomo wa mafuta mekundu.

Mama yao akikasirika hakuwa anagomba. Alikuwa anakula kimya, halafu anapanga vichwa vya kamba ukingoni mwa meza, macho yakimtazama mtoto mwenye kosa.

Nilimwona Eng akirudi. Alikuwa mweupe kama unga. Akachota supu yake ya samaki, akainywa ya moto, ikamuunguza, na haikuwa na ladha. Akatia chumvi. Akaonja. Akatia tena. Akaramba chumvi yenyewe kiganjani, akanitazama.

"Mama Kahawa," akanong'ona, "hii ni mchanga?"

"Ni chumvi, Eng."

Jioni ile mteja alirudisha bakuli lake. "Mama, umetupikia bahari?" Kesho yake mwingine akalalamika kwamba amekula maji matupu. Alikuwa amewapa wafu chakula chenye mate yake, nao wakaondoka na ladha ya ulimi wake. Kupika bila ulimi ni sawa na kushona gizani. Na foleni ya Choo? Ilifika nguzo ya tatu. Eng hakuniambia kitu wiki nzima, ila kila saa tisa alipokea bakuli la Choo, akajaribu, akameza, akalaza kichwa juu ya meza.

Ikafika siku ya mwisho ya mwezi ule, siku wanayorudi wafu kwao. Saa tisa Choo akavuka ukumbi na bakuli. Safari hii hakuondoka. Alisimama anasokota aproni.

"Dada, nikwambie ukweli? Usinicheke."

"Sema."

"Mama hakunifundisha kitu. Nilimuuliza, Mama, hii supu naitia nini? Akaniambia, sufuria chukua wewe, kwa sababu Eng hana haja nayo, Eng anayo kwenye ulimi. Ukikwama kamuulize yeye." Choo alianza kulia. "Miaka mitatu nakuletea bakuli ili uniambie inakosa nini. Najua inakosa kitu! Nabahatisha kila siku. Niliogopa kukuuliza, ulikuwa hata hunitazami. Alhamisi ile ulikula mpaka bakuli likatakata, nikasema, sasa, sasa ataniambia. Nimesubiri. Dada, ni nini? Inakosa nini?"

Eng akafungua mdomo.

Aliniapia kwamba alilitafuta lile jina kila mahali. Alimwona mama kwa mgongo, aliuona mkono wa mama ukiinuka juu ya sufuria, na mkononi hamna kitu. Akainua kijiko, akanywa. Maji ya moto. Akanywa tena. Maji ya moto. Choo anamtazama mdomoni kama anayesubiri majibu ya daktari.

"Haikosi kitu," Eng akasema.

"Kweli, Dada? Ni kama ya Mama?"

"Ni ya Mama."

Basi Choo akamkumbatia pale pale mbele za watu, akalia, akacheka, akajifuta kwa aproni. "Miaka yote hii najisumbua bure! Basi sitakusumbua tena na mabakuli yangu, Dada." Akarudi kibandani kwake anakaribia kuruka. Ladha ya mama yao ilikufa siku ile, na mimi peke yangu ndiye niliyeuona uso wa Eng.

Asubuhi yake mwezi ulikuwa umekwisha. Eng akafungua kibanda. Kufuli ni moja, ufunguo anao yeye. Ndani, juu ya kistuli chake cha kukalia, kulikuwa na pakiti ya tishu. Imefunguliwa. Imepungua karatasi moja, kama ile ya meza ya kumi na nne.

Tulimuuliza Bi Rohani. Akarudi nyuma hatua mbili. "Si mimi. Mimi nikiiona tishu kitini siigusi."

Wala Eng hajaigusa. Anafanya kazi wima tangu asubuhi mpaka tunafunga, miguu imevimba, kistuli kipo nyuma yake na pakiti iko juu, kila asubuhi imepungua karatasi nyingine. Jana nilimpelekea kahawa nikaichungulia. Imebaki karatasi moja.