Tundu Nyuma ya Kompyuta

Kila akitoka shule, Injinia alivua sare, akanawa uso, kisha akaingia chumba cha mbele alimofanyia kazi shangazi yake. Chumba hicho ndicho kilichowalisha. Shangazi alichapa barua, ripoti na kazi za wanachuo. Injinia alifagia vipande vya karatasi, akajaza karatasi kwenye printa, na mteja mmoja akitoka alimwita anayefuata. Jina lake halisi mtaa mzima ulishalisahau. Walimwita binti huyo Injinia kwa sababu alikuwa mwepesi kushika masomo ya kompyuta, na mwepesi zaidi kuwatangazia watu kuwa anayajua.

Siku hiyo alikikuta chumba kimya. Skrini ya kompyuta ilikuwa imezimika tangu asubuhi na haikuwaka tena. Kwenye benchi aliketi msichana anayesomea uuguzi, amekunja mikono kifuani, mguu mmoja ukigonga sakafu. Ripoti yake ilikuwa ndani ya kompyuta hiyo, haijamalizika, na chuoni walikuwa wanaitaka kesho asubuhi.

"Kompyuta yenyewe nzima, skrini ndiyo imekufa," Shangazi alisema huku akivaa viatu. "Nakwenda kununua nyingine. Muuza vifaa ameniambia kwenye simu tuangalie kwanza nyuma ya kompyuta, tundu la waya wa skrini likoje. Hebu livute hilo kasha, Injinia, uniangalizie."

Kasha la kompyuta lilikuwa chini ya meza, limesukumwa hadi ukutani, limezungukwa na nyaya na vumbi. Kuliona tundu vizuri kulitaka mtu apige magoti atambae. Nje wenzake walikuwa wanampigia mluzi waende uwanjani. Injinia aliinama, akachungulia gizani, asione kitu, akasimama.

"Nimeangalia, Shangazi. Ni tundu bapa, kama lile la nyuma ya televisheni. Siku hizi kompyuta zote ziko hivyo."

"Umeliona kwa macho yako?"

"Nimeliona," alijibu, na tayari mguu mmoja ulikuwa nje.

Alipoitwa kutoka uwanjani, Shangazi alikuwa amesharudi, boksi liko mezani, kanga imelowa jasho. Skrini mpya ilikuwa kubwa na nyembamba, inang'aa. Yule msichana muuguzi alisogeza benchi karibu. Injinia alijitosa chini ya meza akiwa na waya mkononi, akapapasa nyuma ya kasha. Waya haukuingia. Akaugeuza. Haukuingia. Akausukuma kwa nguvu.

"Mbona unasukuma kama unapigilia msumari?" Shangazi aliuliza.

"Haiingii! Wamekupa skrini mbovu, Shangazi. Wameona wewe hujui haya mambo, wakakuuzia ya kukutapeli."

Maneno yalimtoka kabla hajayafikiria, na yakafanya kazi mara moja. Uso wa Shangazi ulibadilika. Alikuwa ametembea juani amekumbatia boksi lile kama mtoto mchanga, na sasa anaambiwa amechezewa.

"Mimi mjinga, siyo?" alisema. "Irudishe kwenye boksi. Twende."

"Na ripoti yangu?" muuguzi aliuliza, naye sasa sauti imepanda. "Dada, ungeniambia mapema ningetafuta pengine!"

"Kaa hapo. Leo patachimbika."

Duka la vifaa lilikuwa na watu. Shangazi hakusalimia. Alilibwaga boksi juu ya kaunta mpaka mausi zilizokuwa zimepangwa pale zikaruka.

"Chukua takataka yako! Unaniuzia kitu kisichoingia kwenye kompyuta? Umeniona mjinga?"

"Mama, pole pole," muuza vifaa alisema. "Nilikuuliza tundu likoje. Ukanijibu ni bapa, kama la televisheni."

"Na ndivyo lilivyo!"

"Kama ndivyo lilivyo, hii ingeingia. Nani aliliangalia?"

"Mwanangu huyu hapa. Ameangalia kwa macho yake. Na huyu mtoto hasemi uongo! Nimemlea mwenyewe, namjua. Mwongo ni wewe. Tena ni mwizi!"

Mzee mmoja aliyekuwa anachagua kibodi aliirudisha taratibu kwenye rafu, akatoka. Mwanamke mwingine akamfuata. Muuza vifaa aliwatazama wakiondoka, mishipa ya shingo imemsimama.

"Mwizi? Mbele ya wateja wangu? Mama, futa hilo neno!"

"Silifuti!"

Injinia alikuwa amejiandaa kuona muuza vifaa akigombezwa. Hakujiandaa kusikia yeye mwenyewe akitetewa namna ile, kwa sauti kubwa, kwa jambo ambalo hakulifanya. Alijua kuwa akinyamaza, Shangazi angemwamini yeye. Na hilo ndilo lililomchoma.

"Shangazi," alisema.

"Nyamaza, naongea na huyu."

"Shangazi, sikuangalia."

Shangazi aligeuka. "Unasemaje?"

"Sikuangalia. Kulikuwa na giza, nilitaka kwenda kucheza. Nilibahatisha tu, kwa kuwa za shuleni ziko hivyo."

Shangazi angempigia kelele, ingekuwa afadhali. Alimgeukia muuza vifaa, na sauti yake sasa ilikuwa chini.

"Kaka, nimekukosea. Nalifuta lile neno. Nisamehe."

"Na mimi naomba msamaha," Injinia alisema, machozi yakimlenga. "Kosa ni langu."

Muuza vifaa hakutabasamu. "Nimesikia. Lakini wale walioondoka wameondoka wakijua mimi ni mwizi. Nani atawafuata kuwaambia?" Alivuta pumzi. "Skrini nitaibadilisha, haijaharibika. Ila siuzi tena kitu kwa kubahatisha. Nenda ukapige picha nyuma ya kompyuta. Piga na kibandiko chenye aina ya kompyuta, maana ikiwa ya zamani sana huenda isiiweze skrini kubwa hivi hata waya ukiingia. Piga na matundu ya kibodi na mausi."

Injinia alichukua simu ya Shangazi akakimbia. Nyumbani muuguzi alimpokea kwa jicho kali, lakini alipomwona anahangaika kulivuta kasha akashika upande wa pili. Walilitoa mwangani. Injinia alifuta vumbi kwa kiganja, na tundu likaonekana: pana, la buluu, lenye vishimo vidogo vidogo na skurubu pande zote mbili. Halikufanana hata kidogo na la televisheni. Tundu bapa la namna ile halikuwapo kabisa.

Injinia alipiga picha zote, akarudi dukani mbio. Muuza vifaa alizikuza zile picha, akasoma kibandiko, akateremsha skrini nyingine, ndogo kidogo, yenye tundu pana kama lile. Aliiwasha palepale ili waone kuwa ni nzima. Kibodi na mausi za zamani alisema zibaki, zinaingia kwenye matundu yaleyale ya kuchomekea flashi.

Nyumbani waya uliingia bila kusukumwa. Skrini ikawaka, na ripoti ikatokea ilipokuwa imeachwa. Shangazi alichapa mfululizo, muuguzi akimsomea, mpaka printa ikatoa ukurasa wa mwisho. Muuguzi alishukuru kwa ufupi akaenda zake.

Ndipo Shangazi alipogeuza kiti.

"Ungeniambia, 'Shangazi, sioni, kuna giza,' ningekupa tochi. Ungeniambia hujui, nisingekasirika. Kutojua tundu si kosa, hata mimi sijui. Lakini ulisema umeona wakati hukuona. Mimi nikalichukua neno lako nikalifanya langu, nikaenda nalo kumwita mtu mwizi mbele za watu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Ukisema umeangalia, uwe umeangalia. Kesho ukitoka shule tunarudi dukani. Kisha tutakwenda kwa yule mzee wa kibodi, anakaa mtaa wa nyuma, namfahamu. Utamweleza wewe mwenyewe jinsi ilivyokuwa."

Injinia aliinamisha kichwa. "Bado umekasirika, Shangazi?"

"Sana," Shangazi alisema, akainuka kuzima printa. "Njoo ule."